Jua Halipigi Picha

Kuna madai ambayo historia ya picha hurudia kama kiitikio cha ngoma: kwamba picha ni mwanga uliojichora wenyewe. Mfaransa Nicéphore Niépce, katika miaka ya 1820, aliuita ugunduzi wake heliografia, yaani maandishi ya jua. Mwingereza William Henry Fox Talbot alitoa kitabu chake kwa mafungu sita kati ya 1844 na 1846, akakiita The Pencil of Nature, na kichwa hicho peke yake kilitosha kumaliza hoja: kalamu ni ya maumbile, mtu hana lake. Ndani alimhakikishia msomaji kwamba picha zile zimetokana na mwanga tu, bila penseli ya msanii kugusa. Hata neno fotografia, ambalo John Herschel alilieneza mwaka 1839, maana yake ni kuandika kwa mwanga.

Kiswahili hakikuyameza maneno hayo. Sisi tunapiga picha. Mkanda ukijaa, tunaupeleka ukasafishwe. Kwenye vitenzi hivyo viwili jua halionekani wala mwanga hautajwi. Kuna mkono unaopiga na mkono unaosafisha, na mikono hiyo ina wenyewe. Nimesoma makala kadhaa zinazoyachukulia maneno haya kama tafsiri za watu waliokuwa hawajaelewa kifaa walicholetewa. Mimi naona kinyume. Nadhani yalielewa jambo ambalo Talbot alilificha, na nataka kulitetea kwa ushahidi wa kitu cha kawaida sana: sanduku la taa nililounda Malampaka ili nifanye kazi ambayo kila mtu aliniambia jua lingeifanya bure.

*

Malampaka ni mji mdogo wa reli katika wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, kwenye njia itokayo Tabora kwenda Mwanza. Nilikwenda huko likizo ya mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili kwa ajili ya makopo matatu ya maziwa ya unga. Ndani yake zilikuwamo negativu za mzee mmoja aliyekuwa na studio karibu na stesheni tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mzee yu hai, ila macho yamechoka. Nilipomuuliza kama naweza kumtaja kwenye nitakachoandika, alinijibu, “Mjukuu wangu, jina langu liweke nyuma ya picha. Kwenye simu za watu liache.” Nimemtii.

Negativu zile ni za filamu pana, sentimita 6 kwa 6 kila moja. Kuna vijana wa bugaluu wameegemea baiskeli. Kuna makarani wa ushirika wenye kalamu mifukoni. Kuna mama aliyembeba mtoto wake wa kwanza kama anayeonyesha risiti. Nakala za karatasi walichukua wenyewe siku ile, na miaka imezifanyia inavyozifanyia karatasi: mchwa, mvua, kuhama, misiba. Kwa wengi wa waliomo, negativu ndiyo sura pekee iliyobaki.

Tulizipiga kwa simu ili tuweze kuzitafuta kwa urahisi. Lakini waliokuja kuulizia ndugu zao walitaka karatasi, kitu cha kuweka ndani ya Biblia au kwenye bahasha ya hati za kiwanja. Karatasi ya picha ya zamani, ile ya madini ya fedha, haipatikani tena madukani huko, na mashine ya kukuzia ya mzee iliuzwa zamani. Nikachagua njia ya zamani zaidi na rahisi zaidi, sianotaipu, iliyobuniwa na Herschel huyohuyo mwaka 1842.

Kazi yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Unayeyusha gramu 25 za feriki amonia sitreti katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 nyingine. Unachanganya sawa kwa sawa, unapaka karatasi kwa brashi kwenye chumba chenye mwanga hafifu, unaiacha ikauke. Negativu unailaza juu ya karatasi moja kwa moja, unabana kwa kioo, unaipeleka kwenye mionzi ya urujuanimno. Mionzi hiyo hubadilisha chuma kilichomo kwenye dawa, na chuma hicho kilichobadilika ndicho kinachofanya bluu. Picha inatoka na ukubwa uleule wa negativu, hivyo zangu zote zinaenea kwenye kiganja.

Kwenye karatasi inayotoka kwenye mionzi unaona kivuli cha kijivu kilichochafuka, na picha yenyewe bado. Inakuja ndani ya maji. Manjano ya dawa isiyoguswa na mionzi hutoka kama uchafu wa nguo, bluu inabaki, na uso unatokea. Ukiosha kidogo, manjano hubaki kwenye mashavu ya mtu. Aliyeanza kusema “kusafisha picha” hakuhitaji somo la kemia. Alichungulia beseni.

*

Sasa, taa ya nini?

Swali hili niliulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wasomi wenzangu. Nilipowasilisha mpango wangu kwenye semina, mmoja alisema nina bahati, maana kwetu jua halikosekani, na kuleta taa ni kuharibu uzuri wa kazi. Mwingine akatumia neno “asili”. Walitaka picha za Malampaka zichapwe na jua la Malampaka, ili mahali pajisemee penyewe.

Wa pili ni majirani. Hao walicheka tu. Fundi umeme aliyenisaidia aliuliza, “Dada, kwa hiyo unanunua yuniti ili uweke jua ndani ya boksi?” Kicheko chake ni cha mtu anayejua bei ya umeme, nami nakiheshimu. Sauti ya wasomi ndiyo inayonitatiza. Ni ya Talbot yuleyule, amebadilisha koti. Mwaka 1844 mwanga ulifanya kazi badala ya msanii. Leo jua la Afrika linafanya kazi badala ya Mwafrika. Mzungu akitengeneza sianotaipu ni msanii anayefanya maamuzi. Mimi nikitengeneza, natarajiwa kusimama pembeni nikiangalia hali ya hewa.

Kwa hiyo nilianza na jua, kwa makusudi kabisa, nikalipima kama ambavyo ningempima kibarua anayeomba kazi. Malampaka iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri hupita karibu utosini kabisa, na mtu anakanyaga kivuli chake mwenyewe. Huwezi kuomba jua kali kuliko hilo. Nilikata vipande vya karatasi iliyopakwa dawa, nikawa nafunika kila kimoja kwa kadibodi, sehemu kwa sehemu, baada ya kila dakika mbili. Mafundi wa picha wote hufanya jaribio hili: kipande kimoja kinakuonyesha dakika 2, 4, 6, 8 na 10 zikiwa zimepangana kama ngazi.

Saa sita mchana dakika 6 zilitosha. Saa kumi jioni, jua likiwa bado linaumiza macho, dakika 15 hazikutosha. Siku ya mawingu mepesi, ngazi mbili nilizochapa kwa kufuatana hazikufanana. Sababu ni kwamba urujuanimno hauonekani. Jua likishuka, mionzi hii hupungua haraka kuliko mwanga tunaouona, kwa kuwa inalazimika kupenya hewa nyingi zaidi. Wingu nalo hufanya mambo yake, hupunguza hiki zaidi ya kile. Kwa hiyo jicho, hata la mkulima aliyesoma jua miaka 60 na ambaye atakutajia saa bila kutazama simu, ni shahidi mbovu katika kesi hii. Linaona mng'ao, na mng'ao si kinachochapa.

Kuna jambo zito zaidi. Fremu yenye kioo ikikaa kwenye jua la adhuhuri hugeuka jiko. Karatasi ina unyevu, joto linautoa, na gelatini ya filamu ya miaka 40 hulainika ikipata joto na unyevu pamoja. Ikigusana na karatasi yenye dawa inaweza kunasa au kuingia madoa, na madoa hayo hayatoki. Kwa jani la mpapai, jaribu utakavyo, kesho utachuma lingine. Kwa yule mama mwenye mtoto, jua linapewa nafasi ya kufuta sura yake ya mwisho duniani. Sikuona uzuri gani wa asili ungefidia hilo.

*

Historia iko upande wa taa kuliko inavyokiri. Picha za kitabu cha Talbot hazikuchapwa na maumbile. Zilichapwa katika mji wa Reading, kwenye karakana iliyoendeshwa na Nicolaas Henneman, Mholanzi aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani wa Talbot. Ipo picha ya karakana hiyo ya mwaka 1846 hivi: uani zimepangwa fremu zikielekezwa kwenye jua, na wanaume wamesimama kazini. Ni picha ya kiwanda. Jua la Uingereza likijificha, watu hao walisubiri; likitoka, walikimbia. Nakala nyingi zilififia baadaye, na kuoshwa kusikotosha ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Yaani kitabu kilichotangaza kwamba mwanga umefanya kila kitu kiliponzwa na beseni. Jina lililo kwenye jalada ni la Talbot. Penseli ya maumbile ilikuwa na mshikaji, na mshikaji alikuwa mwajiriwa.

Halafu kuna wahandisi. Baada ya wasanii kuisahau, sianotaipu iliishi kwa miongo mingi kama njia ya kunakili michoro ya majengo, mashine na madaraja: mistari myeupe kwenye bluu. Wahandisi hawakuwa na mapenzi na jua. Walitaka nakala ya Jumatatu ifanane na ya Ijumaa, na mwanzoni mwa karne ya 20 tayari zilikuwapo mashine za kunakili zenye taa kali za umeme. Reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, ile inayokatiza Malampaka, ni ya zama hizo za michoro ya bluu. Nikiunda taa kando ya reli hiyo sileti kitu kigeni kwenye sianotaipu. Natumia uamuzi ambao kazi hii ilishaufanya karne moja iliyopita, kila ilipotakiwa kuwajibika kwa mtu.

*

Kuunda taa yenyewe kulihitaji kujua urujuanimno umeshaingia wapi katika maisha ya mji mdogo. Umeingia pengi. Saluni za kucha zina vijitaa vya kukaushia rangi ya jeli. Maduka makubwa kidogo yana mashine za kukagulia noti. Bucha zina ile mashine ya bluu ya kuulia nzi, ambayo mirija yake hutoa mionzi ya karibu nanomita 368 kwa sababu nzi huifuata, na sianotaipu nayo huipenda hiyohiyo. Kumbe tayari tunaishi na jua dogo juu ya mizani ya nyama, na hakuna anayelisifu kwa ushairi.

Nilichagua mirija ya nzi kwa sababu ipo, fundi anaijua, na ikifa naweza kuagiza mingine Mwanza. Nilichukua minne ya wati 18, yenye urefu wa sentimita 60. Jihadhari na taa za zambarau za baa: nyingi ni glasi ya rangi tu, hazina mionzi ya maana. Nilijaribu kila mrija kwa noti. Urujuanimno halisi huamsha alama ambazo mchana huzioni, na shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga linang'aa kama la mzimu. Taa ya baa inaipaka noti rangi na kuishia hapo.

Fundi alifunga choki na stata kwa kila mrija ndani ya sanduku la mbao alilolitoboa matundu ya kupumulia. Tuliacha sentimita 6 kutoka katikati ya mrija mmoja hadi katikati ya mwingine, na sentimita 8 kutoka mirija hadi kwenye kioo. Kanuni yake ni nyepesi: umbali wa kwenda kwenye karatasi usiwe mdogo kuliko nafasi kati ya mirija, la sivyo picha inapata milia kama ya pundamilia. Fundi alitaka kupaka ndani rangi nyeupe ili mwanga urudi. Rangi nyeupe za kawaida zina titani dioksidi, ambayo kwa macho yetu ni nyeupe kabisa lakini kwa urujuanimno ni karibu na masizi, inaumeza. Tulitandika karatasi ya alumini ya kufungia vyakula. Alipoona nyeupe imeshindwa na foili alitikisa kichwa, akasema kazi hii ina macho yake yenyewe. Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Mlango una pazia zito jeusi, kwa kuwa mionzi hii si ya kutazama wala ya kuota kama moto.

Taa ina udhaifu wake na sitauficha. Mwanga wa mirija hutoka pande zote, wakati wa jua huja umenyooka. Nafasi ndogo tu kati ya negativu na karatasi inatia ukungu kwenye kope za mtu. Niliweka utando mwembamba wa plastiki kulinda negativu, kisha ikabidi nibane kwa nguvu kuliko nilivyobana juani. Mirija huchoka kadiri inavyotumika, hivyo naandika saa zake daftarini kama dereva anavyoandika kilomita. Umeme ukikatika katikati ya kazi, nasimamisha saa na kungoja. Lakini karatasi ya dakika 16 ya leo inafanana na ya dakika 16 ya wiki iliyopita, usiku au mchana, kwenye masika au kiangazi. Picha ikiwa mbaya, najua aliyeiharibu.

*

Hapo ndipo taa inapogeuka kuwa hoja. Anayechapa kwa jua ana kisingizio ambacho dunia nzima inakikubali: hali ya hewa. Picha ikitoka giza, jua lilikuwa kali. Ikitoka vizuri, jua limebariki. Kwenye sanduku langu kila toni ya ngozi imeamuliwa. Wapiga picha wa studio walijua vizuri ugumu huu wa sura zetu, kwamba shati jeupe na uso mweusi havikubaliani kwenye karatasi moja. Ukiupa uso muda unaoutaka, shati linapotea. Ukilipa shati, uso unageuka doa. Mzee alikuwa na namna yake ya kupanga taa ili vyote viwili vipone, na negativu zake zinaonyesha. Kuziacha kwa jua lisilopimika ni kufuta uamuzi alioufanya mwaka ule, kwa jina la uasilia.

Nilijiuliza kama namwonea Talbot, nikamrudia Anna Atkins. Mwaka 1843 mwanamke huyu wa Kiingereza alianza kuchapa mimea ya baharini kwa sianotaipu, akaendelea hadi 1853, karatasi kwa karatasi, kwa mikono, hadi maelezo yake akayaandika kwa mwandiko wake na kuyachapa kwa bluu ileile. Ni kazi ya miaka 10 ya kupaka, kupanga, kubana na kuosha. Mtafiti Larry Schaaf, ambaye ametusaidia wengi kumjua, alitoa kitabu juu yake mwaka 1985 kinachoitwa Sun Gardens, bustani za jua. Nakiheshimu kitabu, nalaumu jina. Hata tunapomfufua mwanamke aliyesahauliwa, jalada linamkabidhi jua bustani yake. Jua liliwaka kwa kila mtu wa Kent miaka ile. Atkins ndiye aliyelaza mwani.

Swali la jua lina ndugu yake, swali la karatasi. Miongozo inasisitiza karatasi ya pamba asilimia 100, isiyotiwa chokaa, kwa kuwa chokaa hula bluu. Zangu zilitoka Ufaransa. Simiyu ni mkoa wa pamba; msimu ukifika, magunia yanapangwa hadi barabarani. Pamba huondoka Malampaka bila jina na kurudi kama karatasi yenye jina la kiwanda kwenye alama ya maji. Wanaotaka mahali pajisemee kupitia jua hawakuwahi kuniuliza juu ya pamba. Jua ni rahisi kulipenda kwa sababu halina mkulima wa kudai bei. Baadhi ya picha nilizichapa kwenye marikani kutoka dukani, kitambaa ambacho jina lake lenyewe ni kumbukumbu ya safari za namna hiyo.

Na bluu? Mama mmoja alikuja kumchukua dada yake, aliyefariki kijana. Alitazama picha kwa muda, akasema, “Mwanangu, ni yeye. Lakini mbona kama yuko ndani ya maji?” Alisema kweli kuliko wahakiki wengi ninaowasoma. Wapenzi wa sianotaipu huisifu bluu kama rangi ya ndoto. Kwa mtu anayetafuta ndugu, bluu ni umbali. Ipo dawa: picha inatiwa kwenye maji ya soda hadi bluu ififie, kisha kwenye chai kali, na tanini za chai zinaigeuza kuwa kahawia iliyoiva, karibu na nyeusi. Nilitumia magadi ya sokoni na majani ya chai ya jikoni kwa bibi. Picha ya pili ilitoka na rangi ya mtu. Aliichukua hiyo, akaniachia ya bluu.

Nimefikiria sana alichoniachia. Ile ya bluu ingependeza zaidi ukutani kwenye maonyesho, na jua la Malampaka lingeandikwa kwenye kibao chini yake. Ile ya chai haina hadithi ya kuuza. Imepita mikono mingi mno: mzee, fundi, mimi, mwuza magadi, na yule mama mwenyewe aliyeikataa ya kwanza. Mwanga una sehemu yake hapo, kama moto ulivyo na sehemu yake kwenye ugali. Hakuna anayekaa mezani akaushukuru moto kwa kupika.

*

Najua hoja ya upande wa pili, na si dhaifu. Jua ni bure. Mtoto wa shule ya msingi akipewa karatasi iliyopakwa dawa na jani la mwarobaini, atachapa picha bila kumwomba mtu yuniti. Taa inaleta gharama, fundi, na yule mwenye funguo za chumba. Studio za zamani zilikuwa hivyohivyo, na si kila mtu alikuwa na hela ya kuingia. Nikifundisha watoto, nitawatoa uani.

Ila tutofautishe jua kama chombo na jua kama mwandishi. Chombo nitakitumia popote kinapofaa. Nikilifanya mwandishi, namwachia kazi asiyeweza kuulizwa, na atakayebaki bila jina siku zote ni yule anayeweza kuulizwa: Henneman uani, mpiga picha wa stesheni, msafishaji aliyeinamia beseni. Sifa zinazomwagiwa mwanga hukatwa kwenye malipo ya mtu fulani, kama makato ya ushirika.

Hata neno letu la kitaalamu linaweza kudanganya hapa. Ukilisikia urujuanimno haraka, unalisikia jua ndani yake. Ni sauti tu. Urujuani ni rangi ya zambarau, neno lenye asili ya Kiarabu, na -mno ni kile kilichopita kiasi. Jua halimo. Lugha ilipotaka kumtaja mtenda katika kazi hii ilirudi kwenye vitenzi vyake vya zamani, na vitenzi hivyo vinadai nafsi: nani alipiga, nani alisafisha.

Studio za nchi hii zilijibu maswali hayo kwa muhuri nyuma ya picha. Muhuri wa mzee bado upo, mpira wake umepasuka pembeni. Umeandikwa Malampaka, Shinyanga, kwa kuwa Maswa ilikuwa ndani ya Shinyanga mpaka Simiyu ilipokuwa mkoa mwaka 2012. Hakutaka tuchonge mpya. Nyuma ya kila nakala tuliyotoa kuna muhuri huo, tarehe, na mistari miwili kwa kalamu ya risasi: amepiga fulani, amesafisha fulani, dakika 16. Anayeona uso umefifia au shavu limebaki na manjano anajua aje kumgongea nani.